Tyubu ya Kifuniko Cheupe

Jumamosi ile duka la vipodozi halikuwa na nafasi hata ya kugeuza shingo. Maharusi, mama zao, shangazi zao, wasusi na wapambaji, wote walikuwa wamejazana mbele ya kaunta ndefu ya vioo, kila mmoja anataka ahudumiwe yeye kwanza, na feni za darini zilikuwa zinazungusha harufu za manukato mpaka kichwa kinauma. Katikati ya vurugu hiyo alikuwapo Poda, mpambaji wa maharusi. Jina hilo alipewa na wateja wake, na siku hizi hata mama yake mzazi alikuwa anamwita hivyo. Alivaa gauni la kijani la mikono mirefu lililomkaa sawasawa, viatu vya visigino vifupi, na glavu nyeupe za pamba. Watu walidhani glavu zile ni madoido tu. Poda aliwaacha wadhani.

Alikuwa amefuata glavu nyingine, na kwenye rafu lilibaki boksi moja. Akalishika upande huu, mkono wa mwanaume ukalishika upande wa pili.

"Samahani dada, mimi nimelishika kwanza," yule mwanaume akasema.

Poda akamtazama kutoka juu mpaka chini. Mrefu, mwembamba, shati zuri lakini limefungwa vifungo kwa kupishana, na karibu na mfuko lina tundu dogo la kuungua.

"Kaka, hata kifungo chako cha kwanza hukijui ni kipi. Utajuaje nani kashika kwanza?"

Mwanaume akainamisha kichwa, akaona aibu aliyotembea nayo tangu asubuhi, akacheka mpaka watu wakageuka. Alilinunua lile boksi, wakaligawana hapohapo mlangoni. Poda alipomuuliza glavu ni za nini, akajibu kwamba anapika. Hotelini? Hapana, anapika vitu visivyoliwa. Poda akajiambia huyu bila shaka ni mtu wa sabuni au rangi za nyumba, asimchimbe zaidi. Tangu siku hiyo akamwita Mpishi, naye akaitwa Bi Glavu.

Basi ndiyo mambo yakaanza hivyo. Wiki haijaisha simu ya kwanza ikaingia, na baada ya hiyo hakuna siku iliyopita kimya. Mpishi alikuwa anapiga wakati wa chakula cha mchana, sauti yake ikishindana na mashine inayonguruma nyuma yake, na Poda anapokea kwa bega, brashi mkononi, bibi harusi wa watu kafumba macho kwenye kiti anasikiliza kila neno. Walitaniana mpaka wateja wakawa wanauliza huyo Mpishi anakuja lini wamwone. Akaja. Alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango wa saluni, akanywa chai, akasifia kila kitu mpaka pazia. Alipoondoka, Poda alijikuta anatabasamu peke yake mbele ya kioo kama mwehu.

Lakini kulikuwa na mambo mawili ambayo hayakusemwa. La Mpishi lilikuwa kazi yake: alikuwa na mwiko wa kutoitaja kazi ambayo haijaiva. La Poda lilikuwa ndani ya glavu.

Ugonjwa ule ulimwanza akiwa binti wa shule. Mabaka mazito ya rangi ya zambarau yaliyofunikwa na magamba meupe, mikononi, kwenye viwiko, wakati mwingine hadi nyuma ya masikio. Mwili wake mwenyewe ndio unaoishambulia ngozi yake, madaktari walimweleza, wala hauambukizi. Sawa, lakini nenda kamweleze hivyo mtu ambaye ameshauvuta mkono wake. Mchumba wake wa kwanza hakusema neno baya hata moja. Alianza tu kwenda kunawa kila baada ya kumshika. Poda aliyasikia maji ya bomba yakitiririka bafuni mara nyingi, mpaka siku moja akamwambia asirudi.

Kwa hiyo alipoambiwa kwamba kliniki moja inatafuta watu wa kujaribu dawa mpya ya kupaka, alikwenda mbio. Daktari wa ngozi, mama mmoja wa miwani na mdomo mkali, alimpa tyubu mbili. Ya kifuniko cheupe ni ya mkono wa kushoto, ya kifuniko cha bluu ni ya mkono wa kulia.

"Moja ina dawa, nyingine ni mafuta matupu," daktari alisema. "Wewe hujui ipi, mimi sijui ipi, na anayejua hayupo hapa. Usichanganye, mwanangu. Ukichanganya umetumaliza sisi wote."

Poda akaapa. Na kweli alishika masharti, mpaka mkono wa kushoto ukaanza kubadilika. Kwanza muwasho ulitulia. Halafu magamba yakapungua, mabaka yakalala chini, na asubuhi moja alivua glavu akakuta kiganja laini cha mtu mwingine kabisa. Alikaa kitandani akakigusisha shavuni kwake, akalia. Mkono wa kulia ulikuwa vilevile, mbaya, unapasuka kila akikunja vidole.

Hapo ndipo Mpishi alipomwambia Poda kwamba anataka kwenda kumwona mama mkwe. Walikuwa wamekaa nje ya saluni, taa za barabarani zimeanza kuwaka, naye akasema ana ombi moja tu kabla ya safari hiyo.

"Nataka kukushika mkono, Bi Glavu. Mkono wenyewe. Nimechoka kushika pamba."

Poda akamjibu kwamba dawa za kazini zinamsumbua ngozi kidogo, ampe muda. Angeweza kumpa wa kushoto akaishia hapo. Lakini alikuwa amechoka kujigawa, mkono huu wa kuonyesha, mkono huu wa kuficha, na alimpenda yule mwanaume mpaka akili ikakaa pembeni. Alivyofika nyumbani akafungua kifuniko cheupe, akapaka kushoto, akatua kidogo, akapaka na kulia.

Alikuwa anapaka kidogokidogo kama mtu mwenye siagi ya mwisho, ili isiishe mapema. Na ile ya bluu, ili daktari asishtuke, alikuwa anaikamua kwenye sinki na kufungulia maji. Alijiambia hakuna atakayejua, na kwamba mtu mmoja hawezi kuharibu kitu kikubwa kama utafiti. Daktari alipomwona tena aliishika mikono yote miwili, akaigeuza chini ya taa, akaigeuza tena. Kisha akasema haya, vaa, nenda.

Siku ya kuvua glavu Poda hakumwambia Mpishi chochote. Alizivua tu, akaziweka mezani, akanyoosha mikono. Mpishi akaishika, akaitazama kama mtu aliyepewa mtoto mchanga, akabusu kiganja kimoja, halafu cha pili. Wakakubaliana Jumapili inayofuata waende kwa mama.

Jumapili haikufika salama. Siku chache kabla, Mpishi aliingia saluni mchana kweupe, siku ya kazi, shati limemtoka suruali, akajitupa kwenye kiti cha maharusi mbele ya taa zote zile. Poda aliona uso wake kwenye kioo akajua kuna jambo.

Akamwaga yote. Kumbe hakuwa mtu wa sabuni wala rangi. Alikuwa mkemia, na kwa miaka mingi alikuwa anapika dawa ya ngozi. Alieleza kwa mikono, kama kawaida yake. Ngozi inapovimba kwa muda mrefu, alisema, ndani yake huzaliwa sumu zinazotokana na oksijeni, na mwili una vimeng'enya vyake vya kuzisafisha, wafagiaji wadogowadogo. Kwa mgonjwa, taka zinawazidi wafagiaji nguvu. Yeye alikuwa ametengeneza mfagiaji wa bandia, chembe ndogo ya madini inayoiga kimeng'enya, inageuza sumu ile kuwa maji na hewa ya kawaida, na baada ya kufanya kazi inabaki nzima, tayari kwa taka nyingine. Haichoki wala haiishi upesi.

"Ilifanya kazi, Poda. Kwenye vioo vya maabara, kwenye panya, kila mahali," alisema. Leo hakumwita Bi Glavu. "Sasa wanasema haifai."

"Nani anasema?"

"Majibu. Kuna mgonjwa mmoja, simjui, jina lake halitufikii, tunaletewa namba tu. Ndiye aliyekuwa na hali mbaya kuliko wote, na wagonjwa wenyewe ni wachache. Mkono mmoja kapaka dawa yangu, mwingine kapaka mafuta matupu. Mikono yote miwili imepona. Sawasawa. Wakubwa wanauliza, kama mafuta matupu yanaponya, hiyo dawa yako ni ya nini? Ijumaa wanakaa kikao waifunge."

Poda alikuwa amesimama nyuma ya kiti. Taratibu akaiingiza mikono yake kwenye mfuko wa aproni. Ulimi ulikuwa tayari, maneno yote yalikuwa mdomoni: ni mimi, mpenzi, ni hii mikono uliyoibusu. Akauliza, kwa sauti ambayo hakuitambua, je, angemjua mgonjwa huyo angemfanya nini?

"Ningekimbia," Mpishi akajibu. "Mimi ndiye ninayeipika. Nikikutwa nimesogeleana na mgonjwa, nikijua chochote kutoka mdomoni mwake, watasema nimemfundisha la kusema. Majibu ya watu wote yatatupwa jalalani."

Poda akayameza maneno yake. Alimchemshia chai ambayo hakuinywa, akamshika bega, akamwambia kwaheri. Mlango ulipofungwa alikaa chini sakafuni kati ya brashi zake. Akikaa kimya, dawa inakufa, na yeye mwenyewe ndiye muuaji. Akimwambia Mpishi, dawa inakufa vilevile na Mpishi anakufa nayo. Ilibaki njia moja, na njia hiyo aliijua itamlipisha nini.

Kesho yake asubuhi alikuwa kliniki kabla ya mfagizi. Alimweleza daktari kila kitu, mpaka maji ya sinki. Daktari alivua miwani akamtazama.

"Nilikwambia nini mimi?"

"Nisichanganye, mama."

"Nilikula kiapo kwa ajili yako pale mbele ya watu. Nikasema huyu binti ni mwaminifu." Daktari alimsema mpaka akamaliza, kisha akaketi na kuanza kufikiri. Vipimo vya kabla hajachanganya bado ni halali, alisema. Vile vya baadaye vitaondolewa kwenye hesabu. Lakini Poda anatoka kwenye utafiti leo hii, anaziacha tyubu mezani, na hapati nyingine.

Poda akauliza mikono yake itakuwaje. Daktari hakumficha: itarudi ilivyokuwa, pengine itazidi.

"Kuna la pili," Poda akasema, akainama. "Mtu anayeipika ni mchumba wangu. Yeye hajui kama mimi ni mgonjwa wenu, na mimi nilikuwa sijui kama yeye ndiye, mpaka jana."

Daktari akavaa miwani yake tena. Kisha akasema itabidi alipeleke na hilo kikaoni, na kwamba mpaka majibu yote yafungwe rasmi, wao wawili wasionane.

"Hata simu?"

"Hata simu, mwanangu. Hata salamu kwa mtu. Akijua leo, umefanya kazi bure."

Poda akaomba kitu kimoja, kwamba siku watakayoyafunga majibu, daktari mwenyewe amwambie Mpishi. Daktari akakubali. Poda akaziweka tyubu zote mbili mezani akaondoka. Nje ya geti akamwandikia Mpishi ujumbe mfupi: Usinitafute kwa sasa. Akaufuta na kuuandika upya mara kadhaa, akautuma vilevile.

Jamani, kimya kinaumiza. Simu iliita mpaka wateja wakamwomba aizime. Ujumbe wa sauti ulikuwa unaingia, naye anausikiliza akiwa amejifungia stoo, kati ya mashela yaliyotundikwa. "Kama ni kwa sababu dawa imeshindwa, niambie," Mpishi alisema katika mmoja. "Nitaacha. Nitatafuta kazi nyingine, nitauza hata maji. Ila usinifanye hivi bila kuniambia kosa langu." Poda aliuficha uso kwenye kitambaa cha shela moja ili asisikike akilia.

Mpishi alipokata tamaa na Poda, akampigia mama mtu. Mama akaja juu. Alikuwa ameshika mwiko, akaweka mkono kiunoni, akamuuliza binti yake anamtesa mtoto wa watu kwa lipi. Mwanaume anayempigia mama mkwe ambaye hata hajamwona, kumuulizia kosa lake kwa adabu vile, anapatikana wapi siku hizi? Poda akasema hawezi kueleza. Mama akasema basi yeye hawezi kupika, akazima jiko, na siku hiyo walilala na mkate mkavu.

Mikono ilirudi kama daktari alivyosema, na ikaja kwa hasira. Ule wa kushoto, uliokuwa laini, uliuma zaidi kwa sababu ulishaonja nafuu. Poda akarudi kwenye glavu, akiwa anazibadilisha kila saa. Siku moja alikuwa anambana bibi harusi shela kichwani, ukumbini wanamsubiri, ufa wa kidole ukafunguka. Tone la damu likapenya pamba likatua kwenye lesi nyeupe. Shangazi wa bibi harusi akaivuta ile glavu kuona kuna nini.

"Toa mikono yako kwa mtoto wangu," alisema taratibu, na utulivu huo ndio uliochoma zaidi.

Bibi harusi mwenyewe alimtazama Poda kwenye kioo, akayashusha macho. Poda akalisafisha lile doa kwa maji baridi mpaka likatoka, akakusanya brashi zake, akamwachia mwenzake amalizie. Alitembea kwa miguu hadi kwa mama yake. Njiani kote hakufikiria kitu kingine ila kwamba angekuwa na ile tyubu, angepaka tena, leo hii, bila kujali dawa ya nani inakufa.

Mpishi alikuwa sebuleni.

Alisimama alipomwona. Alikuwa amekonda, kajifunga vifungo sawasawa kwa mara ya kwanza, na macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye mikono. Mama akasema ana kitu jikoni. Sufuria zikagongana kidogo huko, halafu zikanyamaza kabisa ili masikio yafanye kazi.

"Daktari kaniambia leo," Mpishi alisema. "Majibu yamefungwa. Walipoondoa vipimo vyako vya mwisho, kila kitu kikakaa mahali pake. Dawa inaendelea, Poda. Hatua inayofuata ni wagonjwa wengi, miji mingi. Wewe ndiye uliyeiokoa."

"Mimi ndiye niliyetaka kuiua."

"Najua. Nilikasirika, sikufichi. Nilizunguka jengo lile mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepotea. Halafu nikafikiria umerudisha nini ili mimi nipate." Akaingiza mkono mfukoni, akatoa tyubu ya kifuniko cheupe, akaiweka mezani kati yao. "Nimekuletea. Hakuna atakayejua."

Poda aliitazama. Mate yalimjaa kinywani kama mwenye njaa. Vidole vilikuwa vinachoma ndani ya glavu, na sauti ya yule shangazi ilikuwa bado sikioni. Ilimtosha kunyoosha mkono tu. Mwanaume anayempenda ndiye anayempa, mama yupo jikoni, mlango umefungwa.

"Mimi pia nilisema hivyo," akajibu mwishowe. "Kwamba hakuna atakayejua. Umeitoa wapi?"

"Kwenye friji ya maabara."

"Wakigundua kwamba mpishi anaiba anampa mchumba wake?"

Mpishi akaisukuma ile tyubu kwa kidole, ikabiringika kidogo mezani.

"Watafunga tena, na safari hii hakuna wa kwenda kuungama. Unajua sisi ni wangapi tunaojificha na glavu?" Sauti yake ilitetemeka, akaiacha itetemeke. "Naitaka hiyo tyubu kuliko unavyofikiri. Kwa hiyo iondoe mbele yangu haraka. Rudisha."

"Poda, itachukua miaka mpaka ifike dukani."

"Rudisha, mpenzi. Ukirudi tutaongea mengine."

Akaichukua, akaondoka bila kuaga. Mama akatoka jikoni, akamtazama binti yake muda mrefu, akamletea maji ya kunywa. Hakuuliza kitu, jambo ambalo halijawahi kutokea katika nyumba ile. Wakakaa wote wawili wakiitazama simu.

Ilipoita, Poda aliidaka.

"Nimerudisha," Mpishi alisema. "Na nimemwambia mkuu wangu kwamba niliitoa."

"Kasemaje?"

"Kanitukana mpaka nimesahau jina langu."

"Kakufukuza?"

"Kasema atalala kwanza ndipo aamue."

"Basi njoo," Poda akasema.

Alikuja na jasho la mtu aliyekimbia ngazi. Hakukaa. Alimwamkia mama mara ya pili kwa kuchanganyikiwa, akasema ndugu zake watakuja rasmi kwa utaratibu, lakini yeye hawezi kuwasubiri. Akamgeukia Poda, akamuuliza kama atakubali kuolewa na mtu ambaye pengine kesho hana kazi, na ambaye dawa anaijua lakini hawezi kumpa.

Poda akavua glavu. Ya kulia ilikuwa imegandia, ikabidi aivute polepole. Mikono yote miwili ilikuwa imevimba, mabaka wazi, nyufa mbichi. Aliinyoosha hivyohivyo, akimtazama usoni, akisubiri kuona kama kitu chochote kitamtikisika. Mpishi akaishika, taratibu, mmoja na mwingine.

"Inauma?" akauliza.

"Inauma."

"Nikuachie?"

"Usiniachie," Poda akasema.